Helmeti Aliyoikataa Verna

Kwa miaka thelathini na mmoja Verna Stuhr ametunza jezi na helmeti za timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja kidogo huko Nebraska. Msimu mmoja walikuwa wamefungwa mechi zote tisa walizocheza. Alhamisi, Colby, mchezaji wa mwaka wa nne, akambwagia helmeti mezani.

“Naacha, Mama Verna. Tunachekwa mpaka kanisani!”

“Vifaa napokea mechi zikiisha. Zimeisha?”

“Bado ya Jumamosi.”

“Basi niondolee hiyo sufuria yako hapa.”

Colby akacheka bila kupenda, akaichukua.

Jumamosi aliingia uwanjani akiwa amemshika mama yake mkono, kama wafanyavyo wachezaji wote wanaomaliza chuo kabla ya mechi yao ya mwisho. Walifungwa tena. Kipenga kilipolia, Colby hakutaka kuivua helmeti, na Verna hakumharakisha.