Gorogoro ya Shangazi na Digrii Yangu ya Ujasiriamali

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka najicheka mwenyewe, ingawa siku ile nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nauza maharagwe na ndengu na shangazi yangu Syombua pale Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi. Yeye ndiye aliyenitoa Kitui akanilea. Mtaa mzima ulijua kwamba Mwende hapunjwi. Akija mtu kutuuzia nafaka, kwanza natia mkono ndani ya gorogoro yake, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia, nipapase kitako. Maana wapo wajanja wanaogonga kitako kikabonyea juu, ukadhani umepata gorogoro nzima kumbe umepunjwa. Niliwafukuza na mikebe yao, na nilijiona sana kwa hilo.

Basi Jumamosi hiyo nikamletea shangazi habari kubwa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea digrii ya ujasiriamali katika chuo cha kulipia chenye jengo la vioo mjini. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama, ule mchango wetu wa kupokezana, ilikuwa imefika, nami nilikuwa nimechukua pesa zote nikalipia muhula wa kwanza, bila kumwambia mtu. Karo iliyobaki ningekopa, shangazi aweke kibanda chetu dhamana. Nikamwekea karatasi za mkopo na kalamu, nikasubiri sifa.

Alinisifu, kweli. Shangazi hakumnyima mtoto haki yake. Kisha akafuta mikono kwa leso, akachukua gorogoro yetu akaipindua juu ya karatasi zangu.

"Mwende, hii ukinunua huwa unaangalia wapi kwanza?"

"Chini, anti."

"Na hii digrii, chini umeangalia? Ukimaliza utakuwa unapata ngapi kwa mwezi? Na hao wa loan watataka ngapi?"

"Anti, wamesema watu wao wote huomoka, wanapata pesa mingi."

"Wamesema akina nani? Si ni hao wanauza? Tangu lini ukaamini mwenye mkebe?"

Maneno yale yalinichoma. Mimi, wa kukagua mkebe wa maharagwe, nilikuwa karibu kukitia kibanda cha watu rehani kwa ajili ya picha za kijana mwenye tai kwenye mabango ya chuo. Nikaenda kulia nyuma ya magunia, na hasira juu.

Lakini kuuliza si ujinga. Jumatatu nikaanza kuwatafuta waliosoma kozi ileile, na nikampata dada mmoja kule Silanga, Kibera, upande wa bwawani, ana duka la mkaa. Alinipa kiti, akaniambia bila kuficha:

"Kozi ni poa, siwezi danganya. Ilinifunza kutafuta customer na kupanga bei. Lakini hiyo loan, msichana, inakula kwanza ndio mimi nikule. Beshte yangu alisoma hiyohiyo chuo ya serikali, classes za jioni, karo kidogo. Tunauza mkaa sawasawa. Yeye amefungua duka ya pili, mimi bado nalipa."

Nikarudi Kongo nikaichana fomu ya mkopo. Chuo kilikataa kunirudishia pesa, na chama nikaendelea kukichangia mwaka mzima kwa zamu niliyokwisha kula. Iliniuma sana. Shangazi akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, akanisukumia gunia nipange.

Mwaka uliofuata nikaingia masomo ya jioni. Maharagwe ndiyo yaliyonilipia karo, muhula kwa muhula. Wenzangu walimaliza kwa miaka minne, mimi sita, wakaniita mwanafunzi wa kudumu! Acha waniite. Siku ya kuvaa joho, shangazi, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata wiki moja, alikuja na gorogoro ndani ya mkoba, akanishikisha nipigwe nayo picha. Ndiyo ile unayoiona hapo ukutani. Najivunia digrii ile, nisikufiche, na najivunia zaidi mwanamke aliyenizuia kuinunua vibaya.

Leo wewe umeniletea barua mbili za vyuo na unataka sahihi yangu, kibanda hikihiki kiwe dhamana. Kusoma sikukatazi, aliyesoma akakuzuia kusoma ni mchoyo. Ila tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo, siyo wale wa kwenye mabango. Waulize wanapata nini mkononi, wanalipa nini kila mwezi, na kama kinachobaki kinawalisha mwezi biashara ikilala. Uliza pia kozi hiyohiyo kwingine ni bei gani. Ukiona kinachobaki hakitoshi unga, mwanangu, kitako cha mkebe huo kimegongwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na ukilazimika kwenda polepole, usione haya, mama yako alikwenda polepole na akafika.

Barua zako zote mbili nimezifunika kwa gorogoro ya shangazi, na kalamu iko kando yake. Niletee majibu ya watu watatu, nitazifunua mbele yako nitie sahihi kwenye ile uliyoipima mwenyewe. Mungu aliyemwongoza Syombua akuongoze nawe, akupe akili ya kupapasa chini kabla ya kulipa, na siku ya joho lako anijalie niwepo, niibebe gorogoro hii mkobani.