Vidonge vya Magoti ya Mama

Mimi ndiye niliyemwambia mama atupe vile vidonge. Wadogo zangu nimewaambia miaka yote kwamba aliamua mwenyewe, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, wameniamini.

Alikuwa akivinunua kwenye duka la dawa pale Shelui, bila cheti cha daktari, kwa ajili ya magoti. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta shambani anapalilia alizeti, uso umemjaa, mashavu yanang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeona nilivyonawiri? Majirani wanasema binti yangu wa mjini ananitunza."

"Huko si kunawiri, mama. Ni hiyo dawa."

"Mwaka jana nilikuwa natambaa kwenda chooni. Hukuja kuona."

Badala ya kumjibu, nikamhutubia. Kidonge hiki, nilimwambia, kinaiga homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Kinapenya ndani ya seli, kinashikana na kipokezi kinachokingoja humo, kisha vyote viwili vinaingia kwenye kiini na kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Zile za uvimbe zinanyamaza, magoti yanapona. Nyingine zinaharibu mifupa, zinapandisha sukari.

"Kwa hiyo nivitupe?"

"Vyote. Leo."

Alivitumbukiza chooni. "Shahada imeshasema," akacheka.

Hotuba ilikuwa nusu. Miongoni mwa jeni zinazonyamazishwa zimo zile zinazotoa amri kwa tezi zilizo juu ya figo kutengeneza homoni hiyo. Tezi zikikaa miezi bila amri husinyaa, na dawa ikikatwa ghafla mwili hubaki bila homoni hiyo kabisa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo. Hili nililijua. Nililichora kwenye mtihani chuoni, kwa kalamu za rangi, nikapata A.

Siku ya nne mdogo wangu alipiga simu: mama anatapika, hawezi kusimama. Nikasema itakuwa malaria. Nilisema haraka mno.

Kesho yake asubuhi akapiga tena, kutoka hospitali.

"Dada, jirani kamwambia daktari mama alikuwa na vidonge, akaviacha ghafla. Daktari anauliza nani alimwambia aviache."

"Si mumuulize mama mwenyewe."



"Mama hatunaye tena, dada. Ndiyo maana nakuuliza wewe."