Jinsi shemeji Hamisi alivyoificha seva yangu ya Jabe asiipate mtu, hata sisi wenyewe

Wakuu, salaam.

Mi ni mzee, shule niliacha darasa la nne. Atakayekuja kunisahihisha herufi aanze kwanza kunionyesha duka lake. Haya yalitokea kweli, Bujumbura, wakati wa vita. Sina sababu ya kudanganya, sigombei kitu.

Nilikuwa na duka la vipuri vya magari pale Jabe pamoja na Hamisi, kaka wa mke wangu. Vita vikakata barabara, magari ya mikoani yakaacha kuja, vipuri vikabaki vinatuangalia.

Ikaja bahati. Watu wa dawa, wenye ofisi Rohero, walikuwa wanatafuta ghala la mzigo wao. Langu wakalipenda. Sharti lao: kompyuta ya mlangoni, ya ghalani na ya ofisini zote zisome hesabu moja kutoka seva moja.

Ijumaa wanakuja kuona. Ikishindikana, mzigo unaenda kwa mwingine, na sisi tunafunga duka.

Tukamleta fundi wa kompyuta, Ingénieur. Namuita hivyo kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe, hata akiagiza chai. Tai shingoni, na joto lile la Bujumbura.

Akaandaa seva. Ilipouliza iitwe nani, akaandika jina langu: YUSUFU. Nilifurahi, nisiwafiche. Kisha akaziambia zile kompyuta nyingine: mkitaka hesabu, mtafuteni YUSUFU. Jioni akawahi basi la Kinama kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje.

Asubuhi anaendelea kuinstall kwenye kompyuta ya mlangoni. Inafika katikati, inakwama: seva haipatikani.

Seva yenyewe iko pale pale, inanguruma kama friji.

Ingénieur akalaumu umeme. Akalaumu waya. Akalaumu panya wa Jabe. Mwisho akafuta kila kitu, akaanza upya, YUSUFU tena. Kesho yake: haipatikani. Akafuta tena. Nikamuuliza kama huko alikosomea walimfundisha kufuta tu.

Hapa nisimame kidogo, maana vijana hamkuiona miaka ile.

Jina lilikuwa mzigo. Mutu alikuwa na jina la nyumbani, jina la barrière, pale askari wanapofunga barabara, na jina la kazini. Maduka mengi yalifuta majina mlangoni. Jirani yetu alikataa kufuta lake. Watu wenye bunduki wakaingia wakimuulizia kwa jina, la kwake na la baba yake. Hatukumuona tena.

Wiki hiyo hiyo Hamisi alipanda ngazi na kopo la rangi, akafuta la kwangu. Sikumkataza.

Turudi kwenye seva. Alhamisi, haipatikani tena, tai imeloa jasho, Ingénieur ikamjia akilini kuiuliza mashine inaitwa nani. Siku zote hakuiuliza, jina si aliliandika yeye?

Mashine ikajibu: MAGASIN.

Akanigeukia mimi. Nikamwambia mi hata kuiwasha siwezi. Ndipo Hamisi akakohoa.

Hamisi alikuwa amesoma kozi ya jioni ya kompyuta, zile za kukufundisha kutengeneza kadi za harusi. Jina la mashine pia walimfundisha kubadilisha. Basi kila Ingénieur akiondoka, yeye anaketi, anamfuta YUSUFU. Mara ya kwanza aliiita DEPOT, mara mbili zilizofuata MAGASIN, yaani ghala na duka tu, lisiwe jina la mutu. Kompyuta nyingine zinaita YUSUFU, YUSUFU, haitiki mutu.

"Shemeji," akasema, "jina lako liko kwa kila kioo cha kompyuta. Wale watu wa bunduki wakiingia, mi nitawaambia nini? Kwamba we apana Yusufu?"

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha ukoo mzima. Nikayaacha.

Ingénieur akasema mashine haijali, hata ikiitwa MBUZI, mradi zote zilijue jina hilo hilo na lisiguswe. Hamisi akasema basi tuweke MBUZI.

"Andika Yusufu," nikasema. "Mulangoni mulishanifuta, inatosha."

Ikaandikwa. Kuinstall kukaenda mpaka mwisho bila kukwama. Ijumaa watu wa dawa wakaja, wakaona hesabu moja kwenye vioo vyote, mzigo ukaanza kushuka.

Hamisi naye akapata kazi mpya. Kila jioni alifunika vile vioo kwa kanga za dada yake, na mashine zimeshazimwa. Alifanya hivyo mpaka vita vikaisha. Nilimcheka kila alipozifunika, na sikumwambia hata mara moja aache.

Funzo kwenu mafundi: kabla ya kulaumu panya, iulize mashine inaitwa nani. Ukitaka kujificha, jifiche wewe. Seva iache na jina lake, kuna wanaoitafuta.

Haya, changieni. Najua wa kwanza kuja kunitukana ni yule anayejiita Jini wa Kisimani. Kijana, hapo kwenu kuna amani. Jina lako unalificha unamuogopa nani?