Kompyuta Mbili kwa Mama

Mwaka tuliohamia Kinyinya, mimi na mume wangu tulibishana zaidi juu ya kompyuta kuliko juu ya rangi ya kuta. Mimi nilitetea mfumo niliouzoea tangu chuo kule Mwanza, ule ulio karibu kila ofisi. Yeye, mtoto wa Bujumbura anayependa kufungua kila kitu aone ndani, alitumia mfumo wa bure unaoundwa na watu wa kujitolea. Kila mmoja alimwona mwenzake mshamba.

Tukaamua mama yangu awe hakimu. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Masaka, upande mwingine wa jiji, na alitaka kuchapa nyimbo za kwaya yao kutoka kwenye daftari lililoanza kuchanika. Tukampelekea laptopu zote mbili, kila moja aijaribu wiki nzima.

Alianza na yangu. Siku ya nne akanipigia simu.

"Imezima yenyewe. Nyimbo mbili zimepotea."

"Mama, ulibonyeza nini?"

"Iliniomba ruhusa ijiwashe upya. Iliomba kwa adabu, nikaikubalia."

"Hukuhifadhi kwanza?" nilifoka.

"Kuhifadhi ndiyo nini?"

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya pili ikawa zamu ya laptopu yake. Haikumsumbua hata mara moja. Mama alichapa nyimbo kumi na moja. Jumamosi akaibeba hadi parokiani kuzichapisha kwenye karatasi, printa ya huko ikakataa kabisa kuitambua. Mume wangu akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda mbio. Alirudi jioni, shati lina vumbi la chini ya meza. Printa ilikuwa imekubali baada ya saa tatu za kuhangaika. Safari hii nilicheka mimi.

Jumapili, baada ya chakula, tukamdai hukumu.

"Ya mkwe wangu," alisema bila kusita.

"Mama! Si ilikutesa jana?"

"Ilinitesa, naye akaja. Yako iliponikwamia, ulinifokea kwenye simu."

Mume wangu hakushangilia. Alisogeza sahani akaanza kukusanya vijiko.

Jumamosi iliyofuata nilienda Masaka peke yangu. Nikaketi kando ya mama, nikamwonyesha kuhifadhi, polepole, mara sita. Mara ya saba alinisukuma mkono: "Acha, nimeelewa." Kisha akaniomba nimsomee ubeti wenye mwandiko mbaya, na tukaendelea hivyo hadi chai.