Kinyozi na Mtu Anayepita

Kinyozi huyu hafanyi mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukimsalimia akiwa kazini, huzima mashine, huipuliza, huitundika msumarini, huketi mbele yako mikono magotini, ndipo aitikie. Ukipiga chafya, hungoja mpaka ahakikishe umemaliza. Wateja wake wazoefu hutulia tuli kama maji mtungini. Ila bwana harusi wa leo hakuonywa na mtu. Aliuliza tu kama atachelewa harusini, na jibu likachukua muda mrefu, kichwa chake nusu msitu, nusu yai. Mashine iliporudi kisogoni akashusha pumzi. Papo hapo mke wa kinyozi akachungulia mlangoni, kapu mkononi. Mashine ikazimwa, ikapulizwa, ikatundikwa.

“Sema, mke wangu.”

“Sina neno, baba watoto. Napita tu.”

“Haya, pita.”

Akavuta kiti mpaka mlangoni, akaketi kumtazama akishuka na njia, taratibu, kapu likimgonga mguuni. Bwana harusi naye akajikuta amesimama nyuma ya kiti cha kinyozi, shuka la kunyolea shingoni. Simu yake ikalia.

“Uko wapi wewe?” bibi harusi akafoka. “Watu wote wamefika!”

“Subiri kwanza, mpenzi,” akanong'ona. “Kuna mtu anapita.”