Kengele ya Mfereji wa Bibi

Juzi nilivua sweta la nailoni, likaalika kichwani kwa cheche, nikacheka peke yangu. Hujui sweta kama hilo liliwahi kunitesa vipi.

Julai, miteremko ya Meru ina baridi ya kung'ata. Bibi yangu alikuwa na migomba, na maji ya mfereji yalikuja kwa zamu. Yakifika hupo, jirani wa chini anayafungulia kwake na zamu yako imekwisha. Kwa hiyo Bibi aliketi ukingoni tangu asubuhi, blanketi mabegani, akikohoa. Mimi nilisoma shule ya ufundi mjini, na likizo ile niliapa kwamba hatakaa pale tena.

Nilitaka kengele ya betri za redio, ilie pale tu maji yanapogusa waya wa chini na wa juu kwa pamoja, umande usitudanganye. Kuamua hivyo ni kazi ya chipu, na mwalimu wetu alisema chipu zina koo kama watu. Ukoo wa TTL, aliotupa kutoka kabati la shule, unadai volti tano zisizoyumba. Ulinimalizia betri kabla maji hayajafika. Ukoo wa CMOS unaridhika na umeme kiduchu. Miaka hiyo bidhaa za nje zilikuwa zimeruhusiwa tena, nikapata chipu zake sokoni Ngarenaro, mjini, jirani na mitumba niliponunua sweta la nailoni.

Ya kwanza ikafa. Ya pili ikafa. Nilimlaani muuzaji siku nzima.

Jioni Bibi akanisaidia kuvua sweta, akaruka. "Wee mjukuu, nguo yako inachoma!"

Hapo nikamkumbuka mwalimu: CMOS huuawa na cheche ndogo kama hiyo. Kesho yake nilifanya kazi bila sweta, peku kwenye udongo wa jikoni, nikigusa sufuria ili umeme wa mwilini uishie humo kabla ya kugusa chipu ya tatu. Meno yaligongana, lakini sikuacha.

Zamu ilipofika, Bibi alikuwa akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa jikoni. Kengele ikalia. Akaacha mwiko, akachukua jembe, akaenda anacheka. Hakukaa ukingoni tena maisha yake yote.

Leo mfereji umekauka, na penye migomba pamejengwa vyumba vya kupangisha. Kengele ninayo. Juzi, sweta likiwa kitini, niliitia betri mpya, nikazamisha nyaya zote mbili kwenye kikombe cha maji.

Ikalia. Nikageukia jikoni kumwita Bibi.