Siku Nilipomsingizia Ng'ombe wa Bibi

Tangu asubuhi nimesimama mlangoni mara sita. Paka wangu hajala tangu jana, amejikunja kikapuni, na mimi kukaa siwezi. Nimempigia simu bwana mifugo, na kabla hata salamu hazijaisha akaniuliza: "Ng'ombe au mbuzi?" Nikataka kucheka, ndugu yangu. Swali hilo tunajuana nalo tangu niko darasa la tatu.

Tulikaa na bibi mlimani, juu ya njia ya Irente, nyumba imezungukwa na miti ya matunda damu. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kufungiwa bandani, na nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kumkatia majani. Maziwa ya Jumamosi hatukuyagusa, hata ya chai. Yaliuzwa, na hela yake ikaingia kwenye kopo lililokaa juu ya uchaga wa jikoni, jeusi kwa moshi. Hiyo ilikuwa ya ng'ombe: sindano, dawa ya kupe, na siku ya kuzaa. "Ugonjwa haupigi hodi," bibi alizoea kusema.

Mbwa hakuwa na Jumamosi yake. Alilinda, akala makoko ya ugali, basi. Ukimwita bwana mifugo kwa ajili ya mbwa, watakucheka mpaka sokoni.

Sasa mbwa wetu akajikata mguu kwenye bati. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka, na siku ya tatu akakataa hata uji. Nilikuwa namchungulia chini ya ghala, narudi jikoni, naenda tena, mpaka bibi akaniuliza, "Wewe mtoto, umekanyaga siafu?"

Kesho yake nikateremka mbio hadi ofisini kwa bwana mifugo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe au mbuzi?"

Nikasema ng'ombe. Nikaongeza kwamba hali, hanywi, na bibi analia. Uongo ukishaanza huita wenzake.

Akapanda mlima ule na mkoba wake, anahema, mimi nakimbia mbele kisha namngoja. Tulipofika bandani ng'ombe alikuwa anacheua, tumbo limemjaa, akatutazama kama wageni waliokuja bila zawadi.

"Mgonjwa ndiye huyu?" bwana mifugo akauliza. "Labda anaumwa shibe."

Bibi akatoka na mikono ya unga. Nikaonyesha kidole chini ya ghala, nikaangua kilio. Bibi alianza kunigombeza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kishambaa, maana Kiswahili hakikumtosha. Kwetu ukimpandisha mtu mlima, chai yake na nauli yake ni juu yako, mnyama awe mgonjwa au mzima. Na ng'ombe alibakiza wiki chache azae. Bibi akalifuata lile kopo jikoni, akasimama nalo mkononi, akamtazama ng'ombe, akamtazama mbwa.

"Baba," akasema mwisho, "kwa kuwa umeshapanda, mwangalie na huyo."

Kidonda kikaoshwa, sindano ikapigwa. Mbwa alipona, akabaki anachechemea kidogo. Ng'ombe naye, Mungu bariki, alizaa salama bila kumhitaji mtu. Adhabu yangu ikawa hii: kikombe changu cha maziwa cha kila Jumatano kiuzwe, hela iwe ya mbwa. Nilikunywa chai ya rangi Jumatano zote mpaka namaliza la saba, tena kwa raha zangu.

Siku hizi banda limeanguka, miti ya matunda damu imekatwa, na bibi tumemzika pale pale juu. Kopo lake sijui liliishia wapi. Ninalo langu, na kila Jumatano natia chochote. Leo nimelishusha.

Bwana mifugo wa leo nimemjibu kweli: "Ni paka." Akacheka, halafu akasema, "Haya, napanda."

Basi nimesimama tena mlangoni, mara ya saba hii, natazama njia inayopanda huku kwangu. Narudi kikapuni, natoka tena. Nimetega sikio nisikie mtu kutoka jikoni akiniuliza kama nimekanyaga siafu. Hakuna anayeuliza.